Kompresa Ikiwaka, Nani Amelala?

Aliyenitajia habari ya kompresa kwa mara ya kwanza ni mjomba wangu, yule seremala. Alikuja nyumbani amebeba kiti kimoja cha chekechea, akakiweka mezani kama mtu aliyeleta kuku aliyegongwa na gari, akasema, "Mpwa wangu, wamevirudisha."

Mjomba hutengeneza viti vidogo vya watoto, na mimi huvipaka rangi barazani kwangu. Mwalimu wa chekechea alikuwa amepitisha kiganja juu ya kiti, akasema rangi ina michirizi kama uji uliokorogwa na mvivu, tena unywele wa brashi umeganda pale pale mtoto anapokalia. Tupake upya. Vikirudi na michirizi tena, kazi anampa mtu mwingine, maana shule inakaribia kufunguliwa. Mjomba akatoa mfukoni bunduki ya kupulizia rangi, kuukuu lakini safi.

"Hii ninayo tangu ujana wangu," akasema. "Haina kosa, ila haina pumzi. Itafutie kompresa ndogo, ya hapa hapa nyumbani. Na uchague vizuri, mama, maana tutanunua moja. Hakuna ya pili."

Nikaenda dukani, nikakuta mbili. Ya kwanza haitumii mafuta, ni ndogo, unaibeba kwa mkono mmoja kama birika. Ya pili inatumia mafuta, ina mtungi uliolala na magurudumu mawili, nzito kama mtoto anayekataa kuondoka kwa bibi yake. Nilimwuliza mwenye duka ipi nzuri, akasema zote nzuri. Nikamwuliza tena, akasema zote nzuri sana. Tukaagana nirudi kesho asubuhi na jibu, kwa sababu mchana anafunga duka na kusafiri kufuata mzigo.

Sasa, mimi hupaka viti wakati mwanangu amelala tu. Akiwa macho, mkono wake umeshaingia kwenye kopo la rangi kabla ya brashi yangu. Basi yeye hulala chumbani, mimi huwa barazani, na kazi yote hufanyika hapo kati ya usingizi wake wa kwanza na kilio chake cha kwanza. Baba yake huoka mikate usiku na asubuhi hulala kama gogo. Huyo hata paa likianguka atageukia upande wa pili.

Kila alasiri nauza kahawa kijiweni, ubavuni mwa karakana ya kuziba pancha. Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Kitasa chake hakijang'olewa, na anayekalia upande wa kitasa ndiye aliyechelewa kufika. Wakaaji wa kila siku ni watatu. Yupo Pancha, mwenye karakana, ambaye mikono yake haijawahi kuwa misafi hata siku ya harusi yake. Yupo Redio, fundi wa kunyoa, ambaye ukimwasha hazimiki, na habari zote anazo ila hukwaruza. Na yupo Daktari, ambaye ni mlinzi wa lango la zahanati, lakini amekaa langoni muda mrefu hata amejipandisha cheo mwenyewe. Kompresa ya Pancha iko ndani ya karakana, kubwa, ya zamani, mkanda umelegea, na ikiwaka hata kitasa cha benchi hutetemeka. Kila ikiwaka, mimi huvuka barabara na birika langu, mwanangu mgongoni, nikasimama ng'ambo mpaka itulie. Wao husema nafuata wateja wa upande wa pili.

Siku hiyo niliwamiminia, nikasubiri kila mmoja apige funda la kwanza. Mtu akishaungua ulimi husikiliza vizuri. Kisha nikasema, nikiwa natazama vikombe:

"Kuna mtu anauliza. Anataka kompresa ndogo ya kazi za nyumbani. Hajui achukue yenye mafuta au isiyo na mafuta."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yangu. Yaliyobaki karibu yote ni yao.

Pancha: Shemeji, mwambie huyo mtu hakuna kitu kinaitwa kompresa ndogo. Kuna kompresa, na kuna mdoli.

Redio: Wewe umekwama zamani. Siku hizi zipo ndogo kama boga, unaweka chini ya kitanda.

Pancha: Boga likaliwe! Upepo ni mtungi, bwana. Mtungi mkubwa kama ndama. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Daktari: Sasa si hiyo inaunga mkono ndogo? Haba na haba!

Pancha: Daktari, methali husikilizwa mwisho, haisikilizwi mwanzo. Mwisho kuna kibaba. Kitu kikubwa!

Redio: Kibaba ni kikubwa? Bibi yangu alikuwa nacho. Hakizidi hiki kikombe ulichoshika.

Pancha alikitazama kikombe chake, akakinywa chote, kama anayeficha ushahidi.

Daktari: Mimi nitazungumza kitaalamu. Yenye mafuta ni hatari. Mafuta yanaingia kwenye upepo, upepo unaingia kwenye kifua, kifua kinaanza kuteleza.

Redio: Kifua kinateleza?

Daktari: Mgonjwa anakohoa lakini kikohozi hakishiki mahali. Nimemwona mmoja mimi mwenyewe.

Redio: Ulimpima?

Daktari: Nilimpokea.

Redio: Ulimfungulia geti!

Daktari: Bila geti kufunguliwa angetibiwa wapi? Jibu hilo kwanza.

Pancha: Acheni hizo. Chuma bila mafuta hakiendi. Hiyo isiyo na mafuta inajilainisha na nini?

Redio: Nilikuwa nangoja mtu aulize hapo. Inajilainisha kwa maji. Inavuta unyevu wa hewani, inakunywa kidogo kidogo. Ndiyo maana ukifungua kizibo cha chini ya mtungi, maji yanatoka.

Pancha: Ya kwangu ina mafuta na maji yanatoka vile vile. Kila jioni namwaga, la sivyo kutu inakula mtungi.

Redio: Basi ya kwako inakunywa vyote viwili. Ni mlafi kama mwenyewe.

Pancha: Maji yale ni jasho, bwana! Chuma kikifanya kazi kinatokwa jasho. Wewe kinyozi utajua wapi, hujawahi kutokwa jasho.

Daktari: Na ndiyo maana ya kikulacho ki nguoni mwako. Kompresa isiwashwe mtu akiwa amevaa shati.

Hakuna aliyeuliza shati limeingiaje. Kijiweni ukianza kuuliza mambo kama hayo, kahawa hupoa.

Nilitamani mmoja wao aseme neno moja tu la kunishika mkono. Kiti cha mjomba kilikuwa kinanijia machoni na ule unywele wake katikati. Nikamwongezea Daktari kahawa, nikajaribu tena:

"Huyo mtu anasema ile ndogo ni nyepesi kubeba."

Redio: Umeona? Jamaa ana akili.

Pancha: Akili gani? Anabeba kwenda wapi? Kwani kompresa ni mgonjwa? Na kwa nini asije mwenyewe? Asiyekuwepo na lake halipo!

Nikammiminia kikombe cha pili.

Redio: Tatizo la kubwa ni makelele.

Pancha: Makelele ni ya mwanzo tu. Ikijaa inanyamaza. Debe tupu haliachi kutika! Inatika kwa sababu ni tupu. Ijaze, inatulia.

Jambo hilo ni kweli. Kompresa yake hunguruma mpaka mtungi ujae, kisha hukatika yenyewe. Redio alikuna kidevu. Ingekuwa heri Pancha aishie hapo.

Pancha: Kwa hiyo mwambieni huyo jamaa anunue iliyokwisha kujazwa kiwandani.

Redio: Ha! Na ikiisha?

Pancha: Airudishe, wamjazie. Kama soda.

Daktari: Na aulize imejazwa upepo wa saa ngapi. Upepo wa mchana ni mwepesi, jua limeshaupika. Wa alfajiri ni mzito, una nguvu ndani yake. Kwa nini mnadhani wagonjwa huwa hoi alfajiri? Upepo unawalemea.

Redio: Mimi nina njia bila kompresa kabisa. Achukue mpira wa ndani wa tairi la trekta. Aje hapa, Pancha amjazie. Auweke begani, aende nao nyumbani. Achomeke kifaa chake, afanye kazi.

Pancha (amekaa wima): Hilo ndilo neno la maana la kwanza leo.

Daktari: Mpira hauna msukumo wa kutosha.

Redio: Anaukalia.

Daktari: Akiukalia yeye, nani atashika kifaa?

Redio: Atamwita shemeji yake. Kila nyumba ina shemeji mmoja asiye na kazi.

Pancha: Tena wawe na mipira miwili. Mmoja unatumika, mmoja uko kwangu unajazwa. Ukiona vyaelea, jua vimejazwa upepo!

Redio: Vimeundwa, bwana. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Pancha: Vimeundwa na nini, kama si upepo? Hebu toboa uone kama vitaelea.

Walicheka mpaka Daktari akamwaga kahawa kwenye suruali ya kazi. Mimi pia nilicheka, nikiwa nimeinamia ndoo ya vikombe. Halafu ghafla Pancha akaacha kucheka, akakunja uso.

Pancha: Ngojeni kwanza. Mtu anataka kompresa ya nyumbani. Nyumbani kuna tairi ngapi?

Redio: Inategemea.

Pancha: Haitegemei! Huyu jamaa anataka kuziba pancha. Anakuja kufungua karakana mtaani kwangu, halafu anamtuma shemeji aje kunichimba!

Redio: Sasa umeanza.

Pancha: Shemeji, nimebadilisha mawazo. Mwambie achukue lile boga.

Daktari: Ulisema ni mdoli.

Pancha: Ndiyo. Namshauri achukue mdoli. Tena achukue wa bei ya chini, usio na mafuta, usio na magurudumu, kama upo usio na mtungi achukue huo.

Sikuweza kumwambia kwamba sitaki tairi zake. Ningesema hivyo angeuliza unataka nini, kisha wote watatu wangenigeukia, na mimi watu wakinigeukia kwa pamoja maneno hunitoka kichwani kama maji kwenye pakacha. Nikafuta kikombe ambacho tayari kilikuwa kikavu.

Ndipo akaja mtu ambaye hatumjui. Alikuwa anasukuma baiskeli yenye trei za mayai nyuma, gurudumu limelala kabisa, anatembea taratibu kama amebeba mgonjwa. Akaegemeza baiskeli ukutani kwa uangalifu mwingi, akasalimu, akaomba upepo. Pancha akamwambia asubiri kidogo, hapa kuna kikao. Muuza mayai akakaa upande wa kitasa. Nikampa kahawa. Akasikiliza habari ya upepo wa alfajiri, akasikiliza habari ya trekta, akasikiliza habari ya shemeji wa kukalia mpira. Kisha akainua kidole kidogo, kama mwanafunzi.

Muuza mayai: Samahani, wakubwa. Mimi naomba kuuliza tu. Huko itakakowashwa, nani analala?

Redio: Kivipi?

Muuza mayai: Nauliza analala nani. Saa ile inawaka.

Pancha: Ndugu yangu, sisi tunazungumzia mtungi na mafuta.

Muuza mayai: Nimesikia. Ila mimi nafuga kuku. Jirani yangu alinunua kompresa ya kupulizia makochi, akaifunga ukutani, upande wa pili ndipo banda langu lilipo. Tangu siku hiyo kuku wangu wanataga kwa kusitasita. Wengine wanataga huku wametazama mlango.

Daktari: Hiyo ni mishipa ya fahamu.

Muuza mayai: Huenda. Nikamwendea jirani kwa wema. Nikamwuliza, "Ndugu, kabla ya kununua, uliisikia?" Akaniambia, "Niliiona."

Akanywa kahawa yake. "Aliiona," akarudia, kwa huzuni, kama mtu anayetaja jina la marehemu.

Hakuna aliyemcheka. Daktari akatazama lango la zahanati kwa mbali. Pancha alisimama akasema, "Lete hilo gurudumu," akaingia ndani.

Kompresa ikawaka. Kitasa kikatetemeka. Mimi tayari nilikuwa katikati ya barabara na birika langu, mkono mmoja nyuma nimemfunika mwanangu sikio.

Nilisimama ng'ambo, nikawatazama. Midomo ya Redio na Daktari ilikuwa inakwenda, mikono inapaa, vidole vinaelekezana, na hakuna hata neno moja lililonifikia. Hapo ndipo jambo lenyewe liliponijia. Kila siku mimi naikimbia sauti hii, na bado dukani nilikuwa nimetazama magurudumu, nimetazama mtungi, nimejaribu uzito kwa mkono, na sauti sikuiuliza. Ile ndogo niliipenda kwa kuwa ni ndogo. Nilidhani kitu kidogo kina sauti ndogo. Mimi, ambaye nimezaa!

Mashine ilipotulia nikarudi. Swali lilikuwa bado lipo pale benchini, hakuna aliyelisogeza.

Redio: Dada, huyo jamaa wako. Kwake analala nani?

Daktari: Ndiyo, mwanangu. Tuambie, ili tutoe ushauri wa kitaalamu.

Pancha (mlangoni, anafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono): Kama kwake hakuna anayelala, basi kweli ni wa kuziba pancha. Karakana hailali mtu. Hata hapa kwangu, ni nani analala?

Wote wanne walinitazama. Mwanangu alivuta pumzi ndefu kwenye shingo yangu, akaiachia, ikanichoma joto chini ya sikio.

Nikainamisha birika juu ya kikombe cha Redio. Ikatoka tone moja, likafuatwa na machicha.

"Kahawa imekwisha," nikasema.

Redio: Lo! Tena pale pale penye utamu.

Daktari: Kahawa ikiisha, hata elimu ina mipaka.

Pancha: Shemeji, mwambie huyo mtu ajibu swali la watu kabla hajatia mguu mtaani kwangu.

"Nitamwambia," nikasema. Muuza mayai akapanda baiskeli yake, akaenda zake polepole, akikwepa kila kokoto ya barabarani.

Asubuhi iliyofuata nilimnyonyesha mwanangu mpaka akashiba. Nikamfunga mgongoni, nikatia bunduki ya mjomba kwenye mfuko, nikatoka. Sikwenda dukani moja kwa moja. Nilizunguka mtaa, nikarudi, nikazunguka tena, mpaka nikasikia kichwa chake kimekuwa kizito kati ya mabega yangu na mkono wake mmoja umeachia nguo. Ndipo nikaingia.

"Umeamua?" mwenye duka akaniuliza.

"Naomba uziwashe," nikasema. "Moja moja."

Alinitazama, akainua mabega, akachomeka ile ndogo. Haikunguruma, ilibweka. Ilibweka kwa haraka, kama mbwa mdogo aliyefungiwa chooni. Mwanangu aliruka mzima mzima, akapiga kelele hata mteja aliyekuwa anachagua misumari akaimwaga. Nikasema, "Izime, tafadhali." Nikatoka nje, nikatembea naye kivulini, nikamwimbia kwa kupumua tu, nikapita mbele ya duka, nikapita tena. Mwenye duka alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, safari yake inamngoja. Niliona aibu, lakini niliendelea kutembea. Kichwa kikawa kizito tena. Nikarudi ndani.

"Sasa ile ya mafuta," nikanong'ona.

Akaiwasha. Mwanzoni ilitikisika, nikafumba macho. Kisha ikashika mwendo wake, sauti ya chini, nzito, ya duara, kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Nikangoja. Nikatoa bunduki ya mjomba, nikaomba aifunge kwenye mpira wa mashine unaopitisha upepo. Nikaibonyeza, sikuiachia. Vumbi la juu ya rafu likapaa, kipande cha boksi kikaanguka, na upepo ukaendelea kutoka vile vile bila kulegea, na mashine ikaendelea kusaga mahindi yake ya mbali. Mgongoni kwangu hakikuamka kitu.

"Hii," nikasema.

Mwenye duka akaizima, akajipangusa vumbi usoni. "Wengi wa kazi za nyumbani huchukua ile ndogo," akasema. "Wewe kwa nini umechukua hii?"

Nikamgeuzia mgongo, ajionee mwenyewe.